Kuvuka Manyovu na mchezo: namna ya kuandaa safari ya Injili kwa watoto wa shule nchini Burundi

Kikundi cha kanisa kinachotoka Kigoma kwenda kuigiza Injili mbele ya watoto wa shule nchini Burundi kina hatari moja ambayo kikundi cha kutoka Dar es Salaam hakina, nayo ni kudhani kwamba hakiendi mbali. Kiha na Kirundi husikilizana kiasi kwamba mama wa Kalinzi upande wetu na mama wa Mabanda upande wao hupatana bei ya maharage bila mkalimani. Ziwa ni lile lile, mawese ni yale yale, na samaki wetu mgebuka ndiye mukeke wao. Kwa sababu hiyo vikundi vingi hujiandaa kwa safari hii kama vinavyojiandaa kwenda kwenye mkutano wa Kasulu: mazoezi ya wiki mbili, gari la kukodi, maombi ya usiku mmoja, kisha safari. Nimekwenda hivyo mara mbili, na mara zote mbili nilirudi na aibu ambayo nitaieleza mbele kidogo. Ushauri wote uliomo katika mwongozo huu unatokana na jambo moja nililojifunza kwa kuchelewa, kwamba ni heri kuiendea Burundi kama nchi ngeni kabisa, ili kila utakapokuta si ngeni uwe umepata nyongeza, si mtego.

Njia yenyewe ina historia ndefu. Wamisionari wa Afrika, ambao wengi huwaita White Fathers, walifika Ujiji mwanzoni mwa mwaka 1879, na katika mwaka huo huo wakapanda na ziwa hadi Rumonge kufungua kituo. Mwaka 1881 watatu kati yao waliuawa huko huko. Sisi tunapita kwenye lami, kilomita kama 60 kutoka njia panda ya Mwandiga hadi mpaka wa Manyovu, na taabu zetu nyingi ni za karatasi na za masikio.

Mwenyeji, barua na kalenda

Jambo la kwanza la kutafuta ni mwenyeji, kabla hata ya kuchagua hadithi. Mwenyeji anayefaa ni kanisa lililosajiliwa nchini Burundi na lenye uhusiano wa kweli na shule mnayotaka kuitembelea, si rafiki mmoja mwenye moyo mzuri na simu. Shule nyingi za Burundi huendeshwa kwa makubaliano kati ya serikali na makanisa, na hizo ndizo za kuanzia, kwa kuwa huko somo la dini lina nafasi yake inayojulikana na mkuu wa shule hatashangaa kuombwa kipindi. Mwenyeji ndiye anayepaswa kupeleka ombi shuleni na kwa viongozi wa komine, yaani eneo la utawala lililo chini ya mkoa. Barua yenu inaunga mkono ombi lake, haiwi mbadala wake. Mgeni anayejiandikia mwenyewe kwa mkuu wa shule wa nchi nyingine, hata kama kwa ndege ni kilomita chache tu, humweka mkuu huyo mahali pabaya, kwa sababu asipojibu ataonekana hana adabu na akikubali atakuwa amepokea wageni bila wakubwa wake kujua.

Barua iandikwe kwa Kifaransa au Kirundi. Kiswahili kinasikika sana Rumonge na katika mtaa wa Buyenzi jijini Bujumbura, lakini barua za ofisi ni jambo lingine, na barua ya Kiswahili inaweza kukaa mezani hadi apatikane wa kuifasiri. Taja majina ya wote watakaokuja, namba za hati zao za safari, tarehe, muda wa mchezo kwa dakika, na hadithi itakayoigizwa kwa aya moja inayoeleweka. Angalieni pia anwani, kwa maana mwaka 2025 Burundi ilipunguza mikoa yake kutoka 18 hadi 5, na eneo lililokuwa mkoa wa Makamba, ambalo ndilo mnalolikuta mara tu mkivuka Manyovu, sasa limo katika mkoa wa Burunga. Idadi ya komine nayo ilipunguzwa. Nakala ya barua ya zamani iliyohifadhiwa kwenye kompyuta ya parokia inaweza kupelekwa kwenye ofisi ambayo haipo tena.

Kalenda ndiyo inayowashinda wengi. Mwaka wetu wa shule huanza Januari, wao huanza Septemba. Vijana wenu wakiwa likizo mwezi Juni, watoto wa Burundi wako katika mitihani ya kufunga mwaka, na hakuna mwalimu mwenye akili timamu atakayetoa kipindi kwa ajili ya maigizo wiki hiyo. Kwa uzoefu wangu muda mzuri ni mwishoni mwa Novemba na siku za mwanzo za Desemba, wakati vijana wetu waliomaliza mtihani wa kidato cha nne wako huru na wenzao wa upande wa pili bado wako darasani. Gharama ya uchaguzi huo ni mvua, kwa hiyo mchezo uandaliwe uweze kuchezwa ndani ya darasa lenye watoto 80 kama unavyoweza kuchezwa uwanjani mbele ya 400. Kama waigizaji wenu ni watu wazima, Februari ni bora zaidi. Msipange kusafiri asubuhi ya Jumamosi, kwa kuwa huo ndio wakati wa kazi za jamii nchini kote, na mtakuta barabara haina watu na wenyeji wenu wameshika majembe.

Kuchagua hadithi

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu kuliko pote. Hadithi inayokuja kichwani kwanza kwa kila mwalimu wa shule ya Jumapili ni Msamaria Mwema, na ni hadithi ambayo mimi binafsi ningeiacha nyumbani katika safari ya kwanza. Ili Msamaria awe mwema jukwaani, lazima kwanza aonyeshwe kuwa ni mtu wa kabila linalodharauliwa, na waigizaji wa Kitanzania, ambao kwao utani wa makabila ni burudani ya kila siku, hawachelewi kumpa lafudhi, pua au mwendo wa kuchekesha. Burundi ilipita katika mauaji ya mwaka 1972 na vita vilivyoanza mwaka 1993, ambavyo vilifuata mistari ya kabila, na watu wazima walioketi nyuma ya watoto wamezika ndugu. Utani wetu wa Waha na Wanyamwezi hauvuki mpaka. Mwenyeji akiwaomba ninyi wenyewe kuigiza Msamaria, chezeni, lakini yeye ndiye apange nani anasimama wapi na anasema nini.

Aibu yangu ya kwanza ilitokana na Zakayo. Tulidhani tumepata hadithi salama: mtu mfupi, mti, umati, kicheko. Ili watoto waelewe mtoza ushuru ni nani, tulimvika Zakayo shati la kaki na kofia, tukamkalisha kwenye meza yenye muhuri, na kila aliyepita alitoa sarafu mbili, moja kwa serikali na nyingine kwa mfuko wa Zakayo. Mji ulikuwa wa mpakani. Watoto walicheka kidogo, watu wazima waliosimama nje ya uzio wakacheka mpaka wakashikana mabega, na mimi nikiwa pembeni nikauona uso wa mwenyeji wetu ukibadilika. Jioni tuliulizwa, kwa upole mkubwa, ni ofisa yupi hasa tuliyekuwa tunamsema. Hakuna aliyetudhuru, ila mwenyeji alitumia wiki nzima kuzunguka akitusafishia jina, na wakati huo sisi tulikuwa tumeshalala vitandani mwetu Mwanga na Gungu, mitaa ya Kigoma.

Aibu ya pili siichekei. Tuliigiza kuzaliwa kwa Yesu pamoja na askari wa Herode, wakiwa na bunduki za mbao zilizopakwa masizi, na kwa sababu ya mvua tulikuwa darasani. Askari walipoingia kwa kishindo wakipiga mlango, msichana wa dawati la mbele aliteleza chini ya dawati na kubaki huko, ameziba masikio, bila kulia. Mwalimu wake alimtoa nje kwa mkono. Tulikatisha mchezo. Sehemu ile ya ziwa imejaa familia zilizokimbia mwaka 1972, mwaka 1993 na mwaka 2015, na watoto wengi wamerudi kutoka kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Nduta tangu safari za hiari za kurejea zilipoanza mwaka 2017. Sisi wa Kigoma tuliwaona watu hao wakimiminika kijiji cha Kagunga mwaka 2015, tukawapikia uji uwanjani Lake Tanganyika, na bado tulibeba bunduki za mbao kwenda kwao. Tangu siku hiyo hakuna silaha, moto, mlango unaopigwa wala mtu anayekamatwa katika mchezo wowote tunaouvusha.

Hadithi iliyotufaa kuliko zote ni ya kondoo aliyepotea, katika Luka sura ya 15. Mzee mmoja wa kanisa letu alipinga tulipotaka kumgeuza kondoo awe mbuzi, ambaye watoto wa vilima vile humchunga zaidi. Akatukumbusha kwamba katika Mathayo 25 mbuzi wanawekwa mkono wa kushoto, na hatukuwa na jibu, kwa hiyo kondoo akabaki kondoo. Tulichopunguza ni idadi. Kondoo 100 hawahesabiki mbele ya watoto, kwa hiyo tunao 10, na wanaocheza kondoo tisa ni watoto wenyewe wa shule, waliochaguliwa na mwalimu wao papo hapo. Wa kumi ni mwigizaji wetu, ambaye huponyoka kimya kimya na kwenda kujificha nyuma ya watazamaji.

Mchungaji anahesabu kwa sauti, na watoto wote wanahesabu naye: rimwe, kabiri, gatatu, kane, gatanu, gatandatu, indwi, umunani, icenda. Anafika hapo, mkono ukiwa bado hewani, na hapati wa kumgusa. Uwanja mzima unapiga kelele: "Icumi!" Anatazama alipopaswa kuwa. Anarudi mwanzo na kuhesabu tena, taratibu zaidi, na safari hii sauti za watoto zinapungua zenyewe zinapokaribia icenda, kwa sababu wameshajua. Muda huo wa kimya, kabla mchungaji hajauliza "Intama yanje iri hehe?", ndio mchezo mzima. Waigizaji wachanga huuogopa ukimya na kuujaza maneno. Kazi ya kiongozi wa mazoezi ni kuwafundisha kuhesabu pumzi tatu ndefu kabla ya kufungua mdomo.

Mazoezi na lugha

Mwezi wa kwanza wa mazoezi uwe bila maneno kabisa. Igizeni hadithi yote kwa miili, muipeleke kwenye shule ya msingi iliyo jirani nanyi kwa ruhusa ya mwalimu mkuu, kisha mwombeni mtoto wa darasa la pili asimulie alichokiona. Akisema kuna mtu alipoteza kitu akakitafuta hadi akakipata, mko tayari kuongeza maneno. Akisema kuna watu walikuwa wanakimbizana, rudini uwanjani. Kipimo hiki ni kikali, na kikundi chetu kilifeli mara tatu mfululizo, pamoja na kuwa na mwigizaji aliyewahi kucheza filamu za Kiswahili.

Maneno yakija, yaje kwa Kirundi na yawe machache. Watu wanaozungumza Kiha nyumbani wataona ushauri huu ni kuwadharau, lakini kusikilizana sokoni, ambako kila mmoja ana muda wa kuuliza tena, si sawa na kusikika uwanjani na mtoto wa miaka saba aliyekaa mstari wa mwisho. Lafudhi ya Kasulu itamfanya atazame mdomo badala ya kufuata hadithi. Tafuteni Mrundi anayeishi Kigoma, nao hawakosekani, aketi kwenye mazoezi na kuinua mkono kila anaposikia neno lisilo lao. Kuna mambo madogo ambayo yeye tu atayashika. Imana ni jina la Mungu kwenu na kwao, hapo hamna shida, lakini Wakatoliki wa Burundi husema Yezu na Waprotestanti husema Yesu, na mkiwa shuleni chini ya kanisa fulani ni adabu kutumia jina wanalolizoea watoto wa hapo. Neno "ejo" laweza kuwa jana au kesho, kwa hiyo mchungaji akisema kondoo alipotea ejo, mkono wake uonyeshe nyuma.

Msimweke mkalimani pembeni ya jukwaa akirudia kila sentensi, kwa maana mchezo wa dakika 20 utakuwa wa 40 na kila kichekesho kitachekewa mara mbili, mara ya pili bila furaha. Sisi tulimwingiza mkalimani ndani ya mchezo akawa jirani mmbea, mwanamke mwenye ungo kiunoni ambaye haachi kurudia kwa watazamaji yale aliyoyasikia kwa mchungaji, na kuongeza chumvi yake. "Mmesikia? Anasema ana tisa, kwa nini asilale?" Watoto humpenda kuliko mtu yeyote, na pale mchungaji anaporudi na kondoo mabegani ni yeye anayelazimika kukiri kwamba alikosea. Mhusika huyu achezwe na mwenyeji, mtu wa kanisa la hapo, aliyekuja Kigoma kufanya mazoezi nanyi walau siku tatu. Na mlipe nauli yake.

Kuhusu ngoma nitasema kwa ukali kidogo. Kwaya zetu hupenda kuanza na ngoma, na mara nyingi wapigaji wazuri ni wasichana. Nchini Burundi ngoma ya kimila ni jambo la taifa; ilitoka katika ufalme, UNESCO iliitambua mwaka 2014 kama urithi wa dunia usioshikika, na amri ya rais ya Oktoba 2017 ilielekeza kwamba wanaoruhusiwa kuipiga ni wanaume tu na kwamba maonyesho yaliyo nje ya sherehe rasmi yaombewe kibali. Ngoma yenu ya kwaya si hiyo, lakini hamtapenda kueleza tofauti hiyo mbele ya ofisa huku watoto wakisubiri. Ziacheni nyumbani. Makofi, kayamba na njuga vinatosha, na pia havijazi gari.

Karatasi na mpaka

Kila mmoja awe na pasipoti au Hati ya Dharura ya Safari, inayopatikana ofisi ya Uhamiaji. Kitambulisho cha taifa peke yake kisiwe tegemeo. Kama raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hamhitaji viza. Kila mtu abebe kadi ya chanjo ya homa ya manjano, aliyochanjwa walau siku kumi kabla. Kijana aliye chini ya miaka 18 awe na barua ya wazazi iliyogongwa muhuri na mtendaji wa mtaa au kijiji, na ashauriwe kubaki nyumbani kama barua hiyo ina mashaka yoyote. Mkiulizwa mnakwenda kufanya nini, semeni mnakwenda ziara ya kanisa kuigiza shuleni na mtoe barua ya mwenyeji. Wanaosema "tunatembea tu" ndio hukaa kwenye benchi hadi mchana.

Mavazi ya mchezo yana kisa chake. Katika safari moja tulibeba doti 14 za vitenge vipya, bado vina lebo, kwa ajili ya wachungaji na wanakijiji wetu, na kwa jicho la mtu yeyote wa forodha zile zilikuwa bidhaa. Hatukuwa na la kusema. Siku hizi mavazi yote yanafuliwa na kuvaliwa mazoezini kabla ya safari, na kila kitu, kuanzia fimbo hadi ngozi ya kondoo, kimo katika orodha ya nakala mbili inayogongwa muhuri tunapotoka na kuonyeshwa tunaporudi.

Gari liwe na bima ya kadi ya njano ya COMESA, ile ya magari yanayovuka mipaka, na dereva awe mtu aliyewahi kuendesha upande wa kulia, kwa sababu hapo mpakani barabara hubadilika upande na milima ya kuteremka ziwani haisamehe mazoea. Jazeni tangi Kigoma, kwa kuwa Burundi imekuwa na uhaba mkubwa wa mafuta katika miaka ya karibuni. Lakini msibebe madumu, hata kwa kumsaidia mwenyeji, kwani hiyo ni magendo. Saa zao ziko nyuma yetu kwa saa moja, jambo linaloonekana dogo hadi mwalimu atakapowaambia mje saa tatu nanyi mkafika saa mbili yake, uwanja ukiwa na mwanafunzi mmoja anayefagia. Mkilala huko, mwenyeji katika maeneo mengi anatakiwa kuandika majina yenu katika daftari la kaya. Mpeni hati zenu mara mnapofika, msingoje aombe, maana ataona haya.

Siku ya mchezo

Fikeni mapema na muanze ofisini kwa mkuu wa shule, wote, si kiongozi peke yake. Salamu ya "Amahoro" inapokelewa vizuri na kila mtu. Kabla ya kitu kingine mwombeni awaonyeshe mahali pa kuchezea, kisha fanyeni mambo mawili: wakalisheni watoto jua likiwa mgongoni mwao, ninyi mkiumia macho badala yao, na waigizaji wawe na ukuta nyuma yao ili sauti isipotelee bondeni. Wadogo wakae mbele chini, wakubwa nyuma wasimame. Acheni njia mbili katikati ya watazamaji kwa ajili ya kondoo aliyepotea na mchungaji anayemtafuta, na mwalimu asimame mwanzoni mwa kila njia.

Mchezo usizidi dakika 25, pamoja na wimbo. Baada yake kuwe na mazungumzo ya dakika 10 yanayoongozwa na mtu wa kanisa mwenyeji, ambaye watoto watamwona tena wiki ijayo. Hapa nitatofautiana na ndugu zangu wengi. Sikubaliani na desturi ya kuwaita watoto waje mbele wapige magoti na kuhesabiwa, halafu idadi ikasomwe kanisani Kigoma kama matokeo ya safari. Mtoto wa miaka tisa aliyeambiwa na mgeni mbele ya mwalimu wake ainue mkono atainua mkono. Rumonge na mitaa mingine ya ziwani ina familia za Kiislamu, ambazo watoto wao wamo katika madarasa hayo hayo, na mzazi aliyempeleka mwanawe kusoma hesabu ana haki ya kuambiwa kabla. Ombeni shule iwajulishe wazazi, na mtoto ambaye mzazi wake hataki apewe kazi nyingine bila kuonyeshwa kidole. Simulieni hadithi kwa ukamilifu, semeni wazi mnaamini nini, kisha muache mwaliko kwa kanisa la hapo na kwa nyumba za watoto.

Mtakutana na watoto wanaozungumza Kiswahili cha Kigoma kabisa, hata na "ebo" zetu, kwa sababu walizaliwa kambini upande wetu. Moyo utawatuma kuwakumbatia na kuwasimamisha mbele wawe wakalimani. Msifanye hivyo. Mtoto aliyerudi huenda amehangaika miaka miwili kuacha kuitwa Mtanzania na wenzake, nanyi mtamrudisha nyuma kwa dakika moja. Akiwajia mwenyewe na kuwasalimu, mwitikieni kwa Kiswahili, bila kumuuliza habari za kambi.

Pasiwe na mtu mzima wenu aliye peke yake na mtoto mahali pasipoonekana, chooni wala garini, na hilo lisemwe kwa sauti kwenye mazoezi bila kuona haya. Picha zipigwe kwa ruhusa ya mkuu wa shule tu, na kwa namna isiyoonyesha sura za watoto. Nyingi ya zile zinazowekwa kwenye makundi ya WhatsApp ya kanisa hazikuwa na ruhusa ya mtu yeyote. Peremende msigawe. Nimeona mchezo mzuri ukifutika kabisa katika kumbukumbu ya uwanja kwa sababu ya pakiti mbili za pipi zilizorushwa hewani, wakubwa wakiwakanyaga wadogo. Kama mna daftari au kalamu, mkabidhini mkuu wa shule ofisini baada ya watoto kurudi darasani, na kama hamna, hakuna aliyewatarajia mje nazo.

Kabla ya kuondoka, ketini na walimu nusu saa. Waulizeni ni wapi watoto hawakuelewa, na mtu mmoja aandike majibu bila kujitetea. Katika shule moja tuliambiwa kwamba watoto wengi walidhani kondoo alikimbia kwa sababu mchungaji alikuwa mkali, kwa kuwa mwigizaji wetu alikuwa anahesabu kwa kugonga fimbo chini. Kuanzia shule iliyofuata akahesabu kwa kugusa vichwa.

Mambo machache mkirudi Kigoma

Hesabu ya fedha isomwe kanisani Jumapili inayofuata, franga zikiwa zimegeuzwa kuwa shilingi kwa kiwango mlichobadilishia kweli. Ripoti ipelekwe pia kwa mwenyeji, kwa sababu yeye ndiye atakayeulizwa. Walimu huwa tunawaachia maneno ya wimbo yakiwa yameandikwa kwa mkono kwenye karatasi kubwa, pamoja na ngozi ile ya kondoo wa kumi, ambayo hukatwa katika orodha ya forodha kabla ya kurudi ili isionekane imeuzwa. Barua ya shukrani iende ndani ya wiki mbili kupitia kwa mwenyeji, ikiwa na jina la shule lililoandikwa sawasawa kama lilivyo kwenye ubao wa langoni, na itaje mwezi ambao mngependa kuombewa kipindi kingine, mkiwa mmeshaitazama kalenda yao.